Namna ya Kufunga na Kuziba Kifurushi cha Thamani: Mwongozo kwa Watumaji wa Nyanda za Juu Kusini

Kifurushi kinachotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 800. Hupita Makambako na Mafinga, huteremka Kitonga kikiyumba katika kila kona, hukutana na joto la Ruaha Mbuyuni, kisha hupakuliwa na kupangwa upya huku kikilaliwa na mizigo mizito kuliko chenyewe. Katika safari hiyo yote hupita mikononi mwa watu ambao mtumaji hawajui. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba kazi ya kufunga ni kukifanya kifurushi kisifunguke, na ndiyo maana hukizungushia selotepu mpaka kikang'aa pande zote. Hakuna boksi la karatasi lisilofunguka. Wembe mmoja wa dukani unatosha. Kufunga vizuri kuna makusudi mawili tu: kitu kisicheze ndani, na kikifunguliwa njiani, kufunguliwa huko kuonekane kwa macho pasipo ubishi.

Mimi nililijifunza jambo hili kwa hasara. Nilimtumia mdogo wangu saa ya mkononi ya marehemu baba yetu kupitia wasafirishaji ambao sitawataja, na boksi likamfikia likiwa limefungwa vizuri kabisa, ila ndani mlikuwa na kikasha cha saa kisicho na saa. Tulipolalamika tuliulizwa swali moja: selotepu imekatwa wapi? Haikuwa imekatwa popote, kwa kuwa iliyokuwapo haikuwa yangu. Ya kwangu ilibanduliwa na nyingine kubandikwa mahali pale pale. Sikuwa na picha, sikuwa na saini juu ya mshono, wala sikuwa nimeandika uzito. Hatua zinazofuata zimepangwa ili swali kama hilo liweze kujibiwa.

Kabla ya kugusa boksi

Anza na kumbukumbu. Piga picha za kitu chenyewe mchana, penye mwanga wa dirishani, kikiwa kimewekwa kando ya rula ili ukubwa wake uonekane, na piga kila mkwaruzo na kila alama inayokitambulisha. Kama ni simu, bonyeza *#06# uandike namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu yenyewe, zitakazotokea. Kama ni saa, kamera au kompyuta, nakili namba iliyochongwa au kubandikwa nyuma. Pima uzito wake peke yake, na kama huna mizani inayosoma gramu, waombe wauza vipuri vya pikipiki au sonara wa mtaani, ambao kwa kawaida hawakatai.

Vyeti na hati zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa thamani yake haionekani kwa mwizi bali kwa mwenyewe. Kabla ya kutuma cheti halisi, muulize anayekihitaji kama atapokea nakala iliyothibitishwa na wakili, maana mara nyingi hiyo hutosha, na cheti kinachobaki kabatini hakipotei barabarani. Ikilazimika kutuma chenyewe, acha nyumbani nakala zilizothibitishwa, kwa kuwa kukipata kingine ni mlolongo unaoanzia polisi kwenye taarifa ya upotevu.

Viko vitu visivyopaswa kuingia katika kifurushi hata kikifungwa kwa ustadi gani. Fedha taslimu zitumwe kwa simu au benki. Dhahabu na vito ghafi, ambavyo katika mikoa hii si vitu vya hadithi kwa mtu aliyekaa Chunya, vina utaratibu wake wa kisheria. Tangu 2019 biashara hiyo hupitia masoko ya madini, na kuvipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa, hata kama ni jiwe moja lililofichwa ndani ya soksi. Pawabenki na betri za lithiamu zilizo peke yake zisiwekwe katika kifurushi cha ndege. Simu yenye betri ndani izimwe kabisa, na karani aulizwe kwanza kama anaipokea kwa njia uliyoichagua.

Kuchagua njia

Kwa mazoea ya huku kwetu njia ni tatu: rejista ya Posta, EMS (huduma ya haraka ya Posta) au kampuni nyingine ya vifurushi, na basi.

Rejista inatufaa kwa vitu vidogo, yaani barua na vipeto visivyozidi kilo 2. Nguvu yake ni kwamba kipeto hupewa namba yake na huandikwa kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, hivyo kikipotea hujulikana kilipotelea mikononi mwa nani. EMS ni ya haraka zaidi na hubeba mzigo mkubwa zaidi. Ama basi, sifa yake ni mwendo: kifurushi kilichopakiwa Mbeya alfajiri huweza kupokelewa Dar es Salaam siku hiyo hiyo. Lakini stakabadhi nyingi za mabasi nilizowahi kupewa zina jina, namba ya simu na maneno kama "boksi 1", na neno "boksi" halithibitishi kilichokuwamo. Kwa cheti, saa au mkufu wa dhahabu wa bibi mimi nisingetumia basi, isipokuwa ndugu yangu awe amekaa humo na kifurushi kikiwa mapajani mwake.

Yote mawili, kasi na rejista, si bima. Fidia ya rejista ni kiwango kilichopangwa, hailingani na thamani ya kitu kilichopotea. Kwa hiyo uliza kaunta swali hili kama lilivyo: "Kikipotea, kiwango cha juu mtakachonilipa ni shilingi ngapi, na kimeandikwa wapi?" Ikiwa kiwango hicho ni kidogo kuliko thamani ya kitu, uliza kama kuna huduma ya kutangaza thamani na kulipia bima, ikiwa haipo, fikiria upya kama kitu hicho ni cha kutumwa.

Asiyeiamini rejista akumbuke kwamba almasi ya Cullinan, yenye karati 3,106, ilipotumwa London kutoka Afrika Kusini mwaka 1905 ilikwenda kwa rejista ya kawaida, huku walinzi wakilinda melini jiwe la kuwababaisha wezi. Mwaka 1958 sonara Harry Winston naye aliituma almasi ya Hope kutoka New York kwenda Washington kwa rejista, ikiwa ndani ya karatasi ya kaki. Gharama yote ilikuwa dola 145.29, stempu zilikuwa dola 2.44 tu, na sehemu kubwa ya zilizobaki ilikuwa bima. Uwiano huo unaeleza vizuri mahali pa kuweka fedha yako.

Boksi na vifaa

Tumia boksi jipya, au lililotumika mara moja ambalo halijalowa wala kukunjwa. Boksi la karatasi ngumu yenye mawimbi hupoteza nguvu likinyonya unyevu, na mtu wa Tukuyu anajua kwamba masika yake huingia hata ndani ya kabati. Kwa hiyo usilitoe boksi stoo na kulitumia saa hiyo hiyo, bali liache ndani ya chumba kikavu siku moja au mbili. Libonyeze pembe kwa dole gumba: likibonyea na kubaki hivyo, litafute jingine. Epuka pia boksi la simu, la runinga au la duka la vito kuwa boksi la nje, kwa maana hilo humtangazia kila mpakiaji kilichomo.

Utahitaji maboksi mawili, dogo na kubwa, ambalo dogo likikaa katikati ya kubwa hubaki nafasi ya sentimita 5 kila upande, juu na chini pia. Utahitaji vifuko vya plastiki vinavyofungwa kwa kubana, kitambaa laini cha pamba, vipande vya sponji ambavyo wauza magodoro huvitupa, kalamu ya maka isiyofutika kwa maji, na utepe wa kuzibia.

Kuhusu utepe nitakaa kidogo, kwa kuwa ndio moyo wa kazi hii. Selotepu ya plastiki, iwe nyeupe au ya kaki, hushika juu ya ngozi ya boksi tu; ukiipasha joto kidogo hubanduka ikiwa nzima, na haiachi hadithi. Utepe wa karatasi ya kaki wenye gundi kavu inayolowanishwa ni kitu kingine kabisa. Gundi yake huingia ndani ya nyuzi za boksi, na ikishakauka, utepe na boksi huwa kitu kimoja; anayeubandua huondoka na ngozi ya boksi, na jeraha hilo halizibiki. Zaidi ya hayo karatasi hupokea wino wa kalamu na wa mhuri, ilhali juu ya plastiki wino huteleza na kufutika.

Utepe huo hauko katika kila duka la vifaa vya ofisi huku kwetu. Usipoupata, nunua karatasi ya kaki ya kujalidia madaftari, ikate vipande vyenye upana wa sentimita 6 hivi, na uvipake gundi nyeupe ya maseremala iliyoongezwa maji kidogo. Gundi ya unga wa ngano, ule uji mzito tuliotumia shuleni, nayo hushika vizuri, ila huvutia panya na mende, na hukauka polepole mno katika baridi ya Makete. Paka gundi kwenye karatasi na kwenye boksi, bandika, sugua kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni ili mapovu yatoke, kisha subiri. Kwa siku ya jua nusu saa hutosha. Kwa asubuhi za Juni na Julai subiri saa mbili.

Ukilazimika kutumia selotepu ya plastiki kwa sababu ya mvua, itangulie chini na karatasi ije juu yake ikiivuka pande zote mbili na kushika boksi lenyewe. Na siku za baridi kali usiitumie ikiwa imelala stoo usiku kucha. Iweke mfukoni mwa koti robo saa kwanza, kwa sababu gundi yake ikipoa haishiki vumbi wala karatasi.

Kukifunga kitu chenyewe

Safisha kitu, kikaushe, kizungushie kitambaa cha pamba, kisha kiingize katika kifuko cha plastiki. Saa na mikufu hufungwa kwanza kuzunguka kipande cha sponji ili visijikwaruze vyenyewe. Mkufu ufungwe kishikizo chake kabla, la sivyo utafika ukiwa fundo. Vyeti havikunjwi: viweke kati ya vipande viwili vya karatasi ngumu vilivyo vikubwa kuliko cheti kwa sentimita 2 kila upande, huku mawimbi ya kipande kimoja yakilala na ya kingine yakisimama, na vyote viingie ndani ya plastiki.

Hapa pana jambo la mahali petu ambalo miongozo ya pwani haiwezi kulisema. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mfuko uliojazwa hewa na kuzibwa Mbeya, ukishafika Dar es Salaam, hubanwa na hewa nzito ya huko na kupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Anayetegemea mifuko ya hewa kama mito ya kuzuia kitu kisicheze atakuta mpokeaji anapokea boksi linalogonga ndani. Kwa hiyo toa hewa yote ndani ya kifuko kabla ya kukibana, na kazi ya kushikilia kitu iachie sponji na kitambaa. Weka pia kipakiti cha silika, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, kwa sababu kitu kilichopoa huku kikikutana na hewa yenye unyevu ya pwani hutoa jasho.

Ndani ya kifuko weka karatasi yenye jina na namba ya simu ya mtumaji na ya mpokeaji. Lebo ya nje ikibanduka, karatasi hii ndiyo itakayokirudisha kifurushi kwa wenyewe.

Kitu kikishaingia katika boksi dogo, jaza nafasi zote, funga, kisha litikise karibu na sikio. Likitoa sauti yoyote, lifungue uanze tena. Boksi dogo nalo likikaa ndani ya kubwa, fanya jaribio hilo hilo. Gazeti lililofinyangwa hufaa kujazia boksi la nje kama halina haja ya kubeba uzito, lakini lisiguse kitu chenyewe kwa kuwa wino wake hutoka. Maranda ya mbao na nyasi kavu, ambavyo huku ni vya bure, visitumike kwa kifurushi cha kwenda nje ya nchi. Wakaguzi wa mimea wa nchi nyingi huvizuia.

Kuziba, na mahali pa kuzibia

Usizibe boksi la nje nyumbani. Kifurushi cha nje ya nchi hupita ukaguzi wa forodha, na hata cha ndani karani ana haki ya kutaka kuona kilichomo. Aliyeziba nyumbani kwa saa mbili hulazimika kukata kazi yake yote kaunta na kuondoka na boksi lililozungushiwa selotepu ya haraka. Ziba boksi dogo upande mmoja tu, beba vipande vya kaki vilivyokwisha kukatwa, gundi katika kichupa, brashi ndogo na kitambaa, na fika mapema. Nimewahi kuchekwa kwenye foleni kwa kubeba brashi ya gundi, na aliyecheka aliniomba nimwazime.

Karani akisharidhika, ziba boksi dogo, liweke ndani, kisha ziba la nje kwa mpangilio huu: kipande kimoja kirefu kwenye mshono wa katikati juu, kikishuka sentimita 7 kila upande, vipande viwili kwenye kingo za pembeni, hata umbo la herufi H lionekane, na chini vivyo hivyo. Usisahau mshono wa kiwandani, ule wima ulio kwenye pembe moja ya boksi, maana ndio mlango wa siri wa anayejua kazi yake. Pembe zote nane zifunikwe.

Gundi ikishashika, tia saini yako juu ya kila mshono, nusu ya saini ikikaa juu ya kaki na nusu juu ya boksi, na mstari wake uvuke ukingo. Mwombe karani apige mhuri wa tarehe mahali hapo hapo palipoungana. Si kila karani atakubali, lakini ombi lenye adabu halina gharama. Kisha piga picha za pande zote sita, karibu kiasi cha saini kusomeka.

Wapo wanaopenda lakiri, ile nta nyekundu inayoyeyushwa na kugandamizwa mhuri. Ni nzuri kwa bahasha inayokabidhiwa mkono kwa mkono. Kwa kifurushi kinachorushwa ndani ya gunia, mimi siipendekezi: katika baridi hukatika kama biskuti, na lakiri iliyovunjika kwa kugongwa haitofautiani na iliyovunjwa kwa makusudi, hivyo shahidi wako anakugeuka. Kamba ya katani nayo ilikuwa na maana zamani, lakini siku hizi hunasa kwenye mikanda ya mashine za kupanga mizigo.

Anwani, fomu na stakabadhi

Andika jina kamili la mpokeaji, S.L.P. au mtaa na namba ya nyumba, postikodi, mji, na namba ya simu. Postikodi zetu zina tarakimu 5; za Mbeya huanza na 53, za Iringa 51, za Njombe 59. Anwani ya mtumaji iandikwe pia, kwa herufi ndogo zaidi, ikitanguliwa na neno "Mtumaji" ili isichanganywe. Usiandike nje neno lolote linaloashiria thamani, wala cheo au biashara ya mpokeaji. "Sonara" baada ya jina la mtu ni mwaliko. Unaweza kufunika anwani kwa selotepu angavu ili mvua isiifute, lakini usifunike msimbo wa mistari, kwa kuwa mng'ao huizuia mashine kuusoma.

Ukimya huo ni wa nje ya boksi tu. Katika fomu ya forodha andika ukweli kamili: kitu ni nini, ni vingapi, thamani yake na uzito. Fomu fupi ya CN 22 ni ya vitu vya thamani ndogo, na CN 23 ni ya thamani kubwa zaidi. Aliyeandika "zawadi, shilingi 5,000" ili kukwepa ushuru hawezi kesho kudai fidia ya laki nane.

Stakabadhi isome kabla hujaondoka kwenye dirisha. Namba ya kimataifa ya kifurushi ina herufi na tarakimu 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, ambazo kwetu ni TZ. Ikianza na R ni rejista, na ikianza na E ni EMS. Kama ulilipia rejista na namba haianzi na R, uliza hapo hapo. Hakikisha pia uzito umeandikwa kwa gramu. Na kama siku ni ya kuchagua, tuma Jumatatu au Jumanne, ili kifurushi kisilale stoo mwisho wa juma.

Upande wa mpokeaji

Mtumie mpokeaji picha za mishono, namba na uzito kabla kifurushi hakijafika, ukimsisitizia asitie saini ya kupokea mpaka alinganishe saini za kwenye boksi na za kwenye picha, na boksi lipimwe mbele yake. Tofauti ya gramu chache huweza kuwa ya mizani au unyevu. Tofauti ya gramu mia ni ya kitu. Akiona mshono umechanika au saini hazikutani, asiondoke nalo na asilifungue peke yake, bali aombe lifunguliwe mbele ya ofisa, huku mtu mwingine akirekodi video bila kukatiza, na kilichoonekana kiandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili. Karatasi, kaki zilizochanika na boksi lenyewe visitupwe hadi shauri liishe. Kwa vifurushi vya kimataifa vya posta ulizio, yaani ombi la kufuatilia kifurushi, hupokelewa ndani ya miezi 6 tangu siku inayofuata ya kutumwa, na kwa kawaida anayeanza kuuliza ni mtumaji, kwa kuonyesha ile stakabadhi aliyopewa kaunta.